Dakika Mbili za Kutulia

Tangu sheria iamuru wanandoa wasikilizane mioyo, Paskalina alipika huku moyo wa mumewe, Bura, ukidunda kwenye spika ya ukutani kutoka kwenye mkanda wake wa kifuani. Wa Paskalina ulisikika kwenye kidude alichovaa Bura sikioni.

Kila Jumanne Bura alikimbia raundi sita za kasi, kilomita moja moja, na baada ya kila raundi alitembea dakika mbili. Paskalina, aliyewahi kuwa mkimbiaji, alijua kwamba kasi haimtambulishi mtu. Kinachomtambulisha ni namna moyo wake unavyotulia. Moyo wa Bura, mwenye miaka arobaini na moja, ulishuka polepole, kama punda mwenye mzigo anayeteremka mlima.

Leo, baada ya raundi ya nne, ulishuka upesi mno. Paskalina aliacha kukoroga uji. Huo ulikuwa moyo wa kijana.

Raundi ya tano ilikuwa imeanza aliposikia hatua uani. Alizima sauti haraka. Bura akaingia, fulana yake kavu, akavuta kigoda akaketi.

"Umeshamaliza, Baba Neema?"

"Zote sita. Miguu ilikuwa mizito leo."

Ukutani, taa ya spika, iliyowaka kwa kila pigo la moyo, iliendelea kupepesa mbio mbio. Paskalina alisogea akaikinga kwa mgongo wake.

Bura aligusa kidude sikioni. "Mbona moyo wako unakimbia, Mama Neema?"

"Ni moto wa jiko."

Akavuta pumzi ndefu kama zamani uwanjani. Bura aliinamisha kichwa, akasubiri kusikia utakavyotulia.