Mstari wa Bluu

Mara ya tatu fundi Lukiko alifuta kioo cha mashine ya fotokopi, na mara ya tatu picha ya marehemu ikatoka na mstari wa bluu usoni. Wino alishabadilisha. Picha nyingine zote zilitoka safi. Mjane wake, Bi Nyamizi, alikaa kwenye benchi akisubiri ratiba za mazishi zenye picha hiyo.

Ndipo Lukiko akaiinua picha yenyewe, akaielekeza dirishani.

"Mama, mbona mstari huu ni wa kalamu?"

"Niliuchora mimi, mwanangu, mwaka ule alipotukimbia. Alirudi, ila picha niliiacha hivyo hivyo."

"Naweza kuufuta kwenye kompyuta, usionekane kabisa."

Bi Nyamizi aliipokea picha, akaitazama. Kisha akailaza mwenyewe juu ya kioo, uso chini, itoke na mstari wake, na mkono asiuondoe.