Rundo la Pamba Safi

Nilirudi barazani kuchukua kofia yangu, nikamkuta mke wangu Akumu amepiga magoti mbele ya pamba safi niliyoichambua asubuhi. Alikuwa akitoa yenye madoa, moja moja, na kuitupa upande wa fifi, ile chafu.

Hakushtuka.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwaka wa Uhuru, Mzee."

Misimu mitano. Na mimi nimejigamba kijiji kizima cha Paya kwamba pamba yangu haijawahi kukataliwa.

Niliketi. Nilitafuta hasira, sikuipata. Niliokota donge moja la pamba, nikalisugua kwa kidole gumba, nikaliinua juani. Machoni pangu lilikuwa jeupe, kama mengine yote, hata yale ya fifi.

"Na hii?"

"Safi," akasema Akumu.

Hata hakuitazama.