Hiyo W Itoe

“Hiyo w ya nini?” meneja aliuliza, kidole kimeganda kwenye karatasi.

Karani alichungulia. Ripoti ya mkaguzi ilikuja kwa Kiingereza, na kamati ya nidhamu ilitaka Kiswahili, kwa hiyo yeye ndiye aliyeitafsiri. Yenyewe ilikuwa sentensi moja: *Mtunza stoo alihatarishwa na meneja.*

“Bosi, aliyehatarisha ndiye mwenye kosa. Aliyehatarishwa ndiye aliyeponea chupuchupu.”

“Unanifundisha mimi? Hebu niambie, kamusi inasema ‘endanger’ ni nini?”

“Kuhatarisha.”

“Umeona w hapo?”

“Sijaiona, bosi.”

“Basi itoe. Kiingereza mimi nimekila nikakimaliza, wewe bado unanyonya.”

Kukila alikuwa amekila kweli, ila hakikumkaa tumboni.

Mtunza stoo alisimama mlangoni, mkono umefungwa bendeji. Siku ya Jumanne rafu ya chuma ilimwangukia. Miezi minne alikuwa akiomba bolti, na miezi minne meneja alimjibu kwamba kamba inatosha. Leo kamati ingeamua nani afukuzwe. Mama wa watu alikuwa na watoto watatu shuleni.

“Mwanangu,” alimnong’oneza karani, “usinimalize.”

“Mama, mkubwa ameshaagiza.”

Karani akaifuta w. Hakugusa kingine chochote.

Saa nne kamati iliketi. Meneja alijiachia kitini, uso umekunjuka, utadhani ameitwa kupewa zawadi. Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma kwa sauti:

“Mtunza stoo alihatarisha na meneja.”

Akasoma tena, safari hii kimoyomoyo, kisha akavua miwani.

“Na meneja? Kumbe mlishirikiana! Haya, mnaondoka wote wawili.”

Mama wa stoo aliangua kilio. Meneja naye aliruka kitini, jasho linamtiririka.

“Hapana, mheshimiwa! Hapo kuna w imetolewa! Muulize huyu karani!”

“W gani? Hebu isome wewe, inavyotakiwa iwe.”

Meneja alivuta pumzi, akapaza sauti hadi wa getini wakageuka:

“Mtunza stoo alihatarishwa! Alihatarishwa na meneja!”

Mwenyekiti akamgeukia karani.

“Andika, binti: meneja amekiri.”