Fataki za Kufukuza Wingu

"Mvua ya mawe inaniogopa mimi kuliko shetani anavyoogopa msalaba," alitamba Eusebio, aliyekabidhiwa na mji fataki za kutawanya mawingu.

Basi alasiri moja wingu zito likateremka mlimani, na mahindi, chakula cha mwaka mzima, ndiyo kwanza yanatoa ndevu.

"Lipua, Eusebio! Unangoja wingu lituzike?" majirani walipiga kelele.

"Zimelowa, jamani!"

"Zimelowa wapi?" mkewe Refugio akadakia kutoka mlangoni. "Si ulizimaliza zote Jumapili ukishangilia, jogoo wako aliposhinda pambano la majogoo?"

Mvua ya mawe ikaanza kunyesha. Huko mashambani mabua yalishaanza kuvunjika. Eusebio akanyoosha mkono mtupu juu, punje ya barafu ikamwangukia kiganjani, naye asijue aitupe wapi.