Saa Moja ya Maumivu ya Mwantumu

Siku hizo kila mgonjwa wa maumivu sugu alifundishwa kuhusu hali yake pamoja na mwenzi wake, na sheria ilimtaka mwenzi avae bangili ya kuhamisha maumivu kwa saa moja. Mwantumu, aliyeumwa mwili mzima miaka nenda miaka rudi, aliisubiri saa hiyo kwa hamu, maana mumewe Hemedi alizoea kumwambia kuwa anadeka.

Muuguzi alipomfunga bangili, Hemedi alishika kiti kwa nguvu, machozi yakamlengalenga.

"Mama Salha, hivi ndivyo unavyoishi?"

"Ndivyo, Baba Salha."

Muuguzi akaeleza kwamba maumivu hayo ni ya kweli, ila mwili hauharibiki. Mishipa ya fahamu inapiga kelele kupita kiasi, na kutembea kidogo kidogo huituliza. Mwantumu alisikiliza kila neno. Hemedi aliikodolea macho bangili tu, akihesabu dakika.

Tangu hapo hakumruhusu mkewe hata kuinua sufuria. Alipika, alifua, na kitandani alilala ukingoni kabisa, asije akamgusa.

"Umenisadiki, nashukuru," Mwantumu alimwambia asubuhi moja. "Lakini kuumia si kuvunjika. Nishike mkono, tutembee hadi barabarani."

Hemedi aliutazama ule mkono, akaificha mikono yake mgongoni.

"Nitakuumiza."

Mwantumu akavaa viatu, akatoka taratibu. Mumewe akamfuata kwa nyuma, mikono bado mgongoni, uso ukimkunjamana kila mkewe alipokanyaga.