Muhuri wa Pimbi

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni Bi Nakiete Mbwambo, mwaka 1974, wakati wa kupura mtama.

Nungunungu alikuwa mhasibu wa ghala la Pimbi kwa miaka tisa. Kazi ilikuwa nyepesi, na kila mwisho wa mwezi Pimbi aligonga muhuri kitabuni huku akiota jua. Siku moja Tembo akamwita Nungunungu akafanye kazi kwenye ghala lake kubwa.

“Utafuata nini huko, mwanangu?” Pimbi akamwuliza. “Kule Kanga hukagua kila mstari. Mimi nimewahi kukusumbua?”

“Hapana, mzee.”

“Basi tulia.”

Nungunungu akaamua kubaki. Kwa shukrani, akaanza kunakili upya vitabu vyote kwa mwandiko mzuri. Alipofika mwaka wa nne, akakuta magunia ya kunde ameyahesabu mara mbili. Kosa hilo lilikuwa limebebwa ukurasa hadi ukurasa kwa miaka mitano, na kila ukurasa ulikuwa na muhuri.

Akampelekea Pimbi. “Mzee, hapa nilikosea.”

Pimbi akagonga muhuri bila kufumbua macho. “Kazi nzuri, mwanangu.”

Nungunungu akakifunga kitabu. Kisha akaaga kwa heshima, akaenda kwa Tembo.

Wiki ya kwanza kwa Tembo, Kanga alimrudishia kitabu mara tatu. “Hivi wewe ulifundishwa na nani?” akamkejeli.

“Bado sijafundishwa,” Nungunungu akajibu, akaketi kurekebisha.

Watu waliopewa majina ya Pimbi na Kanga wamekwisha kufariki. Aliyeitwa Nungunungu yungali hai.