Mashine Ndani ya Kabati

Saa nne kamili Eunike angeingizwa chumba cha upasuaji, ng'ambo ya bahari, na dada yake Tabitha alitaka waimbe pamoja ubeti mmoja kabla ya hapo. Lakini kila mara uso wa Eunike ulipotokea katika simu, uliganda, na sauti ikakatika.

“Mashine ya intaneti iko wapi?” akauliza Pendaeli, jirani aliyekuja kumtuliza.

Tabitha akaonyesha kabati la vioo. Mashine ilikuwa imefungiwa kwa ufunguo nyuma ya masinia ya bati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kwani katika nyumba ile kitu cha thamani hakikuachwa uchi.

“Mama Elia,” Pendaeli akamwambia Tabitha, “umeizika hai. Mawimbi yatapenyaje bati? Iweke juu, mahali peupe.”

“Bila kitambaa? Wageni wakija?”

“Mgeni ni mimi, nami nimekwisha kuona mengi humu.”

Tabitha hakucheka. Zilibaki dakika saba. Akafungua kabati, akayaondoa masinia, akaivua mashine kitambaa chake kwa haya, akaisimamisha juu ya kabati, waya ukining'inia. Kisha akapiga tena.

Uso ukatokea, ukatetemeka, ukapepesa macho. “Dada,” akasema Eunike, “leo nakuona hata makunyanzi.”

Nyuma yake muuguzi alikuwa amekwisha kushika kitanda. Tabitha akajikohoza, akaanza kuimba, na Eunike akaidaka sauti ya pili. Kitanda kikasogea, taa za dari zikapita moja moja juu ya uso wake, naye angali akiimba.